Rambirambi kwa Mama Aliye Hai

Nakivale, Base Camp, Uganda
Tarehe 9 Februari 2014

Mama mupenzi,

Pokea salamu zangu mimi Mariette, mutoto wako, na za mukwe wako Joël, na za wajukuu wote. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, miguu imepoa, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mahindi tumevuna vizuri, ni vumbi tu la Nakivale linalotusumbua macho. Barua nampa Kabanyana mukononi mwake, maana anarudi tena huko kwenu. Kama ni jirani yako Anne anayekusomea, mwambie kwanza afunge mlango, maana mambo haya si ya kila sikio.

Kabanyana amenisimulia yaliyokupata huko Kiliba. Kwamba bamama wa kwaya walifika kwako asubuhi wakilia, wamebeba unga na makaa, na wewe ukawatokea na ufagio ukiwauliza ni nani aliyekufa. Kwamba mmoja alikimbia mpaka akaacha kandambili yake uani. Ee Mama, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, halafu nikalia. Hakuna adui aliyekutangazia kifo. Chanzo cha yote ni mukwe wako, na yeye hawezi kukuandikia, maana unajua mwenyewe, mukwe hatamki mambo ya msiba mbele ya mama wa mke wake. Basi mzigo huu nimeubeba mimi.

Tangu mwaka jana Joël alikuwa ananitia wasiwasi. Kila wiki safari ya Mbarara. Akirudi, telefone anailaza kifudifudi. Jioni anazunguka kwa watu wa kwetu Kongo, waliotoka Kiliba, Sange na Uvira, anawauliza ndugu zao waliokwenda Australia, Norwe na Amerika wanaitwa nani, na kwenye Facebook wanatumia majina gani. Watu wakaanza kunyamaza akipita. Ndayambaje, kiongozi wa kijiji chetu hapa kambini, aliniita pembeni akaniambia kwamba mtu anayekusanya majina ya wakimbizi hayakusanyi kwa heri, na kwamba wako wapelelezi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nilimjibu kwa ukali kwamba mume wangu si wa namna hiyo. Lakini moyoni, Mama, sikuwa na hakika. Halafu nikaona jina la Halimah kwenye telefone yake. Nikasema, aha, kumbe ni hili!

Nikajifunga kitenge nikamfuata Mbarara bila kumuaga. Nikaulizauliza mpaka nikafika kwa huyo Halimah, tayari kwa ugomvi. Kumbe ni mama wa Kiislamu, mtu mzima, ana duka la internet karibu na msikiti, na mume wake Muzafaru yuko pale pale anauza kadi za simu. Alinivutia kiti, akaniita dada, akanipa chai na kwa Kiswahili chao kile cha kukatakata akaniuliza njia ilikuwaje. Joël alikuwa mbele ya kompyuta. Aliponiona, jasho likamtoka. Na pale kwenye kioo, Mama, nikakuona wewe. Ile foto yako ya siku ya arusi yangu, umeketi na kitenge cha kijani.

Joël alinieleza huku anaangalia chini. Alikuwa anamtafuta Modeste. Ndiyo, Modeste wetu, ndugu yangu, aliyepotea kwenye vita vya 1996 akiwa na miaka saba, ambaye tulimfanyia matanga tukayafunga. Alinificha jambo hili kwa sababu ya yale matanga, aliogopa nitamwambia anafukua kaburi. Alisema mutoto anaweza kusahau hata jina la ukoo, lakini sura ya mama yake, hapana. Ndiyo maana alitengeneza ukurasa na kuweka foto yako, na neno Kiliba, na ule mwaka. Shida ni kwamba mtu akitafuta Kiliba kwenye Google alikuwa anapata kiwanda cha sukari na habari za vita, na ukurasa wetu uko chini kabisa, pale fasi hakuna mtu anafika. Ndipo Halimah akamfundisha. Google, anasema, haijui mkweli na mwongo. Ni kama mgeni sokoni anayetafuta nyama nzuri, anakwenda wanakoelekeza watu wengi. Basi ilibidi watu wa kwetu waelekeze, kila mmoja huko aliko auweke ule ukurasa kwenye Facebook yake, na wenye ukurasa wa kanisa au wa timu ya mpira wauweke na huko. Hayo ndiyo majina aliyokuwa anakusanya.

Lakini unawajua watu wetu. Wakiona foto ya mama ametulia, na chini yake maneno ya familia, hawasomi, wanaandika pole. Pumzika kwa amani Mama, wewe umetangulia. Kwaya yetu ya Australia ikakuimbia, Norwe wakakesha, na habari ikarudi mpaka kwa bamama wa kwaya huko kwenu. Joël alijaribu kuwasahihisha, wapi! Akimnyamazisha mmoja, wengine wengi wameshaanza kulia. Na kwa machozi hayo hayo ukurasa ukapanda mpaka juu. Leo ukitafuta Kiliba, wewe unatangulia kiwanda cha sukari.

Hapo waongo wakaanza kufika. Wa kwanza alipiga simu akalia sana, ananiita dada Mariette, na kabla machozi hayajakauka akauliza kama dosie yetu, yale makaratasi ya kwenda ng'ambo, imefungwa au bado inaweza kuongezwa mtu. Nikamkatia. Wa pili alijua kila kitu kilichoandikwa, na hakujua hata kimoja ambacho hakikuandikwa. Nikamuuliza kama kovu lake la sikioni bado linaonekana. Akasema ndiyo, tena linamuuma wakati wa baridi. Kovu lenyewe nililitunga pale pale! Tangu hapo simwamini mtu. Hata Joël akisema mvua inakuja, natoka nje kutazama.

Sasa nisikilize vizuri, Mama. Yuko wa tatu. Ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Zambia. Alikuwa anatafuta Kiliba, akakuta uso wako, akakuta na rambirambi za dunia nzima. Hakuniita dada. Hakuulizia dosie. Ameandika kwamba haombi tumwamini, maana amechelewa na sasa haina faida tena. Anauliza jambo moja tu, kama kabla ya kufa ulimsamehe juu ya yule mbuzi. Anasema siku ya kukimbia ulimwambia mbuzi aachwe nyumbani, ulimkataza kurudi nyuma, na yeye akachomoa mukono wake mukononi mwako akarudi kumfungua kamba.

Mbuzi gani, Mama? Mimi siku ile nilikuwa Bukavu kwa shangazi. Wewe ulituambia ni msongamano wa watu uliowatenganisha. Miaka yote hii hukututajia mbuzi. Nilimuuliza alikuwa wa rangi gani, akanijibu papo hapo. Rangi hiyo siiandiki hapa. Joël sijamwambia, wala Kabanyana. Unisamehe, ni kama nakupima na wewe, lakini naogopa sana. Akiwa ni yeye, kila siku ninayonyamaza namzidishia kilio. Akiwa si yeye, sitaki Modeste akufie mara ya pili.

Bado sijamwambia kwamba uko hai. Ametuma foto yake, amenyoa kichwa kwa msiba wako. Kichwa hicho kinafanana na cha baba, lakini vichwa vilivyonyolewa hufanana vyote. Usinipigie kwa telefone ya jirani, kuna mambo ambayo mama hawezi kuyasema mbele ya watu. Iandike rangi ya yule mbuzi kwenye karatasi, au Anne akuandikie, umpe Kabanyana, asirudi bila hiyo. Na hakuna atakayekulaumu, Mama. Mimi wa kwanza.

Salamu mingi kwa shangazi, kwa Anne na watoto wake, na kwa wote wanaoniuliza. Joël anainamisha kichwa mbele yako. Ukae na Mungu, lakini usikae na jibu. Huko Zambia kuna mtu anakulilia, na wewe uko jikoni unapika sombe.

Ni mimi mutoto wako,
Mariette