Taa ya Kumwita Aukot

Lodwar, nyumbani kwa akina Ewoi,
karibu na mto Turkwel.
Tarehe 9 Februari, 2025.

Mpendwa Mama Mdogo Asekon,

Ejok? Nakuona unacheka huko Mombasa, kwamba Nakeno hata akiandika Kiswahili lazima abishe hodi kwa Kiturkana. Hamjambo hapo Changamwe? Ule mguu uliokuwa ukivimba umepoa? Baba Mdogo bado anakoroma? Sisi ni wazima, ila vumbi la mwaka huu limeingia mpaka kwenye chai.

Najua unachotaka kusikia ni habari za macho ya dada yako. Vumilia kidogo, maana siwezi kukueleza habari za macho bila kukueleza habari za taa.

Ulipoondoka Kakuma, mama alikuwa bado anawatambua mbuzi kwa rangi zao. Mwaka jana alibaki na vivuli na mwangaza tu. Tukaambiwa ni mtoto wa jicho, na kwamba madaktari wa macho wangefika hapa Lodwar mwishoni mwa Januari kuwapasua watu, kisha waondoke. Mama akakataa katakata. Alisema hatalala chini ya kisu cha mtu kama kifungua mimba wake hajamshika mkono. Na Aukot, unamjua kaka yangu, alikuwa amehamisha mbuzi mbali, ng'ambo ya nyika ya Lopur, chini ya milima ambako simu haishiki. Tulituma watu na salamu, hakuna jibu lililorudi. Niliogopa, Mama Mdogo. Niliogopa mama atabaki gizani kwa sababu ya ukaidi wake na umbali wa mwanawe.

Basi nikaota. Niliota mwanga mrefu umelala juu ya nyika, kutoka uani kwetu hadi milimani, na Aukot anatembea juu yake polepole, kigoda chake mkononi, hana haraka. Nilipoamka nilikwenda moja kwa moja kibandani kwangu kwenye kambi ya wakimbizi, pale ninapotengeneza simu na sola pamoja na Adolphe, rafiki yangu Mkongomani.

Tulichukua dishi kuukuu la televisheni tukalibandika vipande vya kioo kilichovunjika, kimoja kimoja, kila kimoja kikitazama katikati. Taa yenyewe ni balbu nyeupe ya lori, ile kali inayowatukana madereva wengine barabarani. Mota ya waipa ya kioo cha gari ndiyo iliyozungusha kichwa. Betri za sola tulikuwa nazo. Tuliipandisha juu ya mnara wa tangi la maji ulio karibu na kwetu, na kwa kuwa mimi kupanda juu ni mwoga, tuliifungia rimoti ya gari la kuchezea la binti ya Adolphe: kitufe cha kushoto, cha kulia, na cha kuwasha na kuzima. Mtoto wa watu alilia, gari lake limebaki bila akili.

"Dada, hii mwangaza itafika mpaka kwa Mungu," Adolphe akaniambia. "Weye ngoja tu, utaona."

Tuliiwasha giza lilipoanza kuingia. Sijui nikuambieje. Mwanga ulitoka ukanyooka juu ya vumbi, mweupe kama maziwa, na wadudu wakaingia ndani yake wakawa wanang'aa kama shanga. Majirani walitoka nje kutazama. Mama alikuwa amelala kwenye ngozi yake uani. Akainua uso, akasema, "Nauona."

Nilimpa rimoti, na tangu jioni hiyo taa haikuwa yangu tena. Kila jioni aliuzungusha mwanga taratibu juu ya Lopur, akiongea na Aukot kwa sauti ya chini, akimwambia tumepika nini, nani amezaa, nani ameoa. Kila akimaliza habari moja alimsalimia kwa taa: akazima, akawasha, akazima, akawasha. Mimi nilijilaza kando yake nikisinzia, na nikaona kama hakuna mbali tena duniani. Nilikuwa na furaha sana siku hizo.

Sasa tucheke, au tulie. Mtu aliye milimani haoni taa. Anaona kitu kinawaka ghafla upande wa Kakuma, chini kabisa ya anga, kinazimika, kinawaka tena. Na sisi Waturkana wazima, tuliokuzwa kwa kuhamisha mifugo kufuata radi za mbali, hakuna hata mmoja aliyefikiri!

Aukot alifika asubuhi na mbuzi wake wote, na familia nyingine nyuma yake, wamekuja kwenye majani mabichi. Wakakuta mchanga. Vitoto vya mbuzi vilikuwa vimefia njiani. Alisimama chini ya mnara akauliza, "Mvua iko wapi?" Nilipomwonyesha taa, nilitamani ardhi inimeze. Tuliwanywesha mifugo wao kwa maji ya tangi, niliwaomba wenzake radhi, na Adolphe akaishusha taa siku hiyo hiyo. Kaka yangu hakunisemesha. Nilistahili.

Lakini alikwenda kwa mama, akaketi. Mama akampapasa uso, akamshika mkono, kisha akasema, "Haya, twendeni Lodwar," kama vile kilichokuwa kimetuchelewesha ni gari tu.

Walimpasua salama. Bandeji ilipofunguliwa, Aukot alikuwa amechuchumaa mbele yake. Kumbuka mama hajamwona vizuri kwa miaka. Aukot amekonda, na nywele zimeota mvi kama za baba. Mama alimtazama kwa muda mrefu, akatabasamu kama msichana, akamwita Apaloreng, lile jina la fahali wake mwekundu ambalo marehemu baba aliitwa na rika lake.

"Apaloreng," akamwambia, "umekawia."

Na kaka yangu, na hasira zake zote, akaitika.

Alipotoka nje alisimama kando yangu ukutani. "Mwandikie Mama Mdogo," akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile ya mnara, nami nimeyatii.

Nisalimie Baba Mdogo, Akal na mdogo wake Lomuria. Ewoi na mkewe, wenyeji wetu hapa, wanawakumbuka. Akuj, Mungu wetu, awafunike kwa kivuli chake, na atuletee mvua, safari hii ya kweli.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Nakeno