Mahali au Mahari

Mama Njeri,

Nakusalimu kutoka Bungoma. Mvua ya alasiri imenisukuma ndani ya kibanda cha video, nikakuta wanaonyesha ile filamu tuliyoiona Kitale tukiwa wachumba, ya mzee anayerudi kwenye shamba alikofukuzwa. Imetengenezwa upya, kwa rangi na waigizaji wengine. Mtafsiri ni mtu wa hapa, na hapa l na r hubadilishana viti. Akatangaza, "Mzee amekuja kutafuta mahari yake!"

Muuza njugu mmoja akadakia, "Ati mahari? Na uzee huo? Si awasamehe wakwe, bana!"

Tulicheka wote. Kisha nikamkumbuka Njeri wetu, ambaye hakufika umri wa kuposwa.

Ile filamu ya zamani hakuna aliyeijua pale. Unakumbuka mzee anafika langoni, anaona nguo za watoto wa wengine zimeanikwa, anageuka bila neno. Katika hii mpya anarudishiwa shamba na kuchinjiwa fahali. Watu walipiga makofi. Ya kwanza ndiyo ya kweli zaidi, lakini mzee yule hakuacha kaburi ndani ya lango kama tulivyoacha sisi.

Kesho naenda Kitale. Shamba letu tulikofukuzwa sitalidai. Nitabisha hodi, niwaombe wenye nyumba wanipeleke alipolala mtoto wetu. Hata kama wamepalima, nitakuambia.

Jifunike vizuri, baridi ya huko ni kali kwa kifua chako.

Baba Njeri