Chai ya Mama Nasrin na mkaguzi wa kelele za ndege

Brampton, Jumatano. Tangu asubuhi inanyesha mvua inayoganda ikigusa chini, na hata sasa ninapoandika haijakoma.

Naogopa. Niliseme hilo kwanza, mengine yafuate.

Nyumba yetu huku ughaibuni iko chini ya njia ya ndege. Zikishuka, vikombe vinagongana kabatini na Neema, binti yangu wa miaka sita, anaziba masikio na kufumba macho. Kwa hiyo Mama Nasrin, mwenye nyumba, aliposema serikali inatoa fedha za kuweka madirisha mazito ya kuzuia kelele, nilimkumbatia. Mimi ndiye niliyemsukuma aombe.

Sikufikiri kwamba kabla ya fedha huja mkaguzi.

Sisi tumepanga chumba cha chini ya ardhi, na chumba hicho hakina kibali cha kupangishwa. Wakijua, tunatolewa. Na kwa mshahara wangu wa kuhudumia wazee zamu za usiku, nitapata wapi paa jingine mji huu?

Tukapanga hivi: leo akija, mimi na Neema tutulie huku chini, taa zimezimwa, mlango umefungwa. Mama Nasrin atasema ni stoo.

Nikamsikia mkaguzi akitembea juu ya vichwa vyetu. Nikamziba Neema mdomo, maskini, wala hakuwa anasema kitu. Kisha harufu ya iliki ikashuka. Mama Nasrin ni Mwismailia wa Mwanza. Mgeni hatoki kwake bila chai. Na kila siku chai ikiiva, yeye hupaza sauti ngazini kuniita.

"Mama Neema! Chai tayari, mwanangu!"

Mimi nimelelewa Tanga. Mkubwa akiniita, mdomo hausubiri ruhusa yangu.

"Abee!"

Hatua za juu zikageuka kuelekea ngazini.

Walishuka wote wawili, Mama Nasrin nyuma, kajishika kichwa. Mkaguzi, kijana mpole, hakufoka. Alitazama vitanda vyetu, akapima kidirisha chetu kimoja, ambacho hata paka atapita kwa kujibana. Akamuuliza Neema, moto ukiwaka ngazini usiku, utatokea wapi? Neema akamjibu kwa Kiingereza chake cha shule kwamba atamsubiri mama atoke kazini.

Kumbe siku zote nilikuwa naogopa mkaguzi, na wa kuogopwa ni moto.

Mkaguzi kaondoka akisema hana budi kuripoti. Mama Nasrin kalia, kisha kafuta machozi na kuanza kubeba mablanketi yetu. Leo tunalala juu, kwenye zulia la sebule yake. Ya kesho siyajui, na sina wa kumuuliza.

Sasa hivi nimemwona Neema akiziba masikio, ndipo nikajua ndege imepita.

Mimi sikuisikia. Nilikuwa nanusa kama kuna moshi.