Stensili za Mwalimu Nzioka

Jumatatu, 2 Februari 1987

Barua tatu za kuomba kazi na programu moja ya mazishi. Wino mpaka kiwikoni. Mashine ya saikostaili, ya kutolea nakala, imekwama tena, nikaizungusha kwa nguvu mpaka bega likauma. Harafu akaingia Mwalimu Nzioka.

Miaka ishirini na mbili sijamwona, tangu shule ya Kasikeu. Amezeeka vibaya na nimefurahi. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, anatembea akipapasa ukuta. Siku hizi anakaa kwa binti yake hapa Kibwezi. Amesikia kuna mwanamke anayechapa vitabu nyuma ya duka la mbegu. Hakunitambua, hata kwa sauti. Ana kitabu kichwani, cha kufundisha Kiswahili watoto wa shule za msingi. Kitaitwa Semeni Sawasawa. Anataka kukishika mkononi kabla giza halijamfunika kabisa.

Huyu ndiye aliyenivalisha mfupa wa ng'ombe shingoni wiki nzima, darasa la nne, kwa sababu nilisema "ndawa" badala ya "dawa". Ulikuwa unanuka. Hata mama alicheka.

Alhamisi, 5 Februari

Alikuja nimpigie hesabu. Nimempa njia zote tatu, na sikudanganya hata moja. Mchapishaji wa Nairobi: hutoi senti, unapata shilingi kumi katika kila mia ya mauzo, unangoja hata miaka miwili, na wanaweza kukataa. Wapiga chapa wa Machakos: herufi za madini ya risasi, jalada gumu, kitabu cha kujivunia, lakini unalipia nakala elfu moja siku ya kwanza. Kwangu: unalipia stensili tu, zile karatasi za nta ninazopigia taipu. Zinakaa kabatini mwangu. Akija mtu anayetaka nakala tano, natoa tano. Kila nakala shilingi kumi, tatu zako.

Alichagua kwangu. Kitu kimoja nilikinyamazia. Nairobi wana mhariri. Machakos wanakuletea karatasi za kusahihisha kwanza. Kwangu hakuna anayesoma ila mimi.

Jumanne, 17 Februari

Yeye anasema kutoka kichwani, mimi napiga taipu. Amebaki na meno manne. Mdomo umerudi kwenye lugha ya mama yake: "gari" anaita "ngali", "shule" anaita "sule". Na "dawa", ndiyo, anaita "ndawa". Yeye! Na hajisikii.

Aliposema "Mgonjwa anakunywa ndawa", vidole vyangu vilisimama. Harafu vikaandika. N, d, a, w, a. Mwanafunzi hamsahihishi mwalimu. Alitufundisha mwenyewe, kwa kiboko.

Jumanne, 24 Februari

Leo alileta mapapai mawili. Akanishika kifundo cha mkono akasema nimekonda, nile. Nikaona haya. Nikatoa ile chupa ya rangi nyekundu ya kufutia makosa kwenye stensili, nikafungua kifuniko. Niliazimia kabisa.

Wakati huohuo akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikasema wa Mutua, fundi baiskeli wa Kasikeu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe ni wewe! Yule aliyeshindwa kusema ndawa!"

Ndivyo alivyotamka. Nilifunga chupa.

Mapapai nimewapa mbuzi wa jirani.

Jumatatu, 9 Machi

Nakala hamsini tayari. Nimehesabu makosa: thelathini na moja, yote ya mdomo wake, yote nimeyaacha kwa makusudi. Nakala nikazibana kwa stepla. Alikinusa kitabu, akakipapasa ukurasa kwa ukurasa, akalia. Nilimtazama akilia na sikumwonea huruma. Nitalala vizuri.

Jumamosi, 28 Machi

Siku ya wazazi katika shule ya msingi ya hapa Kibwezi. Mwalimu Nzioka kwenye kiti cha mbele, koti la kanisani, kitabu magotini. Msichana wa darasa la sita akasimama kukisoma. "Tulipanda ngali kwenda sule." Kicheko kilianza nyuma, kwa akina mama. Sote huku tunasema hivyo nyumbani, lakini kukuta imeandikwa kitabuni, na mwalimu wa viboko, ni mambo mengine. Mwenyekiti wa kamati alijifuta machozi kwa tai.

Nzioka naye akacheka. Akawapungia mkono. Alidhani wamekipenda.

Sijawahi kuonja kitu kitamu namna ile. Harafu nikala wali sahani mbili.

Jumatatu, 6 Aprili

Maagizo yamefurika. Makindu wanataka kumi, Mtito Andei kumi na tano. Hakuna anayewanunulia watoto. Wananunua wakasomeane jioni wakicheka. Ni mimi na yeye tunaokula kicheko hicho, mimi saba, yeye tatu.

Leo nimempa sehemu yake. Alizipapasa noti moja moja. Anaweka akiba ya kutibiwa macho. Aliniuliza kama watoto wanajifunza. Nikamwambia, sana.

Jumatano, 8 Aprili

Mwalimu mmoja kijana wa Kiswahili, wa shule ileile, amejifanya Msamaria mwema. Jana alienda kwa Nzioka na nakala aliyoizungushia makosa kwa kalamu nyekundu, akamsomea moja baada ya lingine.

Asubuhi Nzioka akaja nayo, peke yake, akipapasa kuta. Nilikuwa tayari. Lile jibu la kiboko, kwamba mwanafunzi hamsahihishi mwalimu, nilikuwa nimelinoa vizuri.

Hakupaza sauti. Alisema anajua ni kinywa chake kilichomsaliti, na anajua kwamba nilisikia. Nikafungua mdomo nijibu. Akainua kidole, kama zamani, nami nikanyamaza. Mwanamke mzima, nikanyamaza.

"Ndawa ni yangu, nakubali," alisema. "Lakini 'harafu' sikusema mimi. Mimi husema 'halafu', hata bila meno. Hiyo ni yako, mtoto wa Mutua."

Akaweka kitabu mezani, akatoka.

Nimehesabu miviringo myekundu. Hamsini na nne. Thelathini na moja niliijua. Ishirini na tatu sikuijua, na yote ni neno moja.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua kwenye mabati. Hakuna mteja.

Nimelisoma tena daftari hili tangu Februari. Neno hilo lipo siku ileile aliyoingia. Lipo siku ya ndawa. Lipo siku ya wali. Miaka tisa nawapigia watu taipu barua za kuomba kazi, na wengine walirudi wakisema wamenyimwa, nami nikawapa pole. Hakuna aliyewahi kuniambia. Labda huko maofisini walisomeana.

Makindu wameagiza nakala nyingine ishirini. Nimetoa stensili kabatini, nikafungua ile chupa ya rangi nyekundu. Nimefuta, nikangoja ikauke, nikapiga herufi upya. Halafu. Halafu. Halafu. Mara ishirini na tatu. Imenichukua mchana mzima na sasa mgongo unauma.

Yale thelathini na moja nimeyaacha.