Sahani ya Nusu Bei na Mama Mkwe Wangu

Kitale,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako dada yangu mkubwa, Mwalimu Nasimiyu,

Habari za hapo Mabanga? Goti lako linasemaje na hii mvua? Na yule ng'ombe wa pembe moja ameshazaa, ama bado anatufanya tungoje? Mimi huku niko mzima, ni kifua tu kinakohoa kidogo kwa sababu ya moshi, na hiyo habari ya moshi ndiyo itafanya barua hii iwe ndefu. Nimeandika kwa sababu simu unakata. Nimepiga mara nne, unakata. Lakini najua mwalimu hata akistaafu hawezi kuona karatasi imeandikwa na mtu wa darasa la sita akaacha kuisoma, angalau ahesabu makosa. Hesabu tu, lakini fika mwisho.

Najua bado una hasira ya Pasaka. Hata mimi sikufanya vizuri kutoka mezani na paja la kuku mkononi. Lakini dada, ulinichoma. Ulisema mbele ya watoto, "Mbolea najinunulia, dawa ya ng'ombe najinunulia, halafu kodi yangu inaenda Kitale kulipia watu chakula cha hoteli. Hoteli, Simiyu, si hospitali." Ukaongeza kwamba hiyo kitu ikiletwa Bungoma, siku ya kikao cha maoni utasimama useme kila mtu wa kula alete barua ya chifu kuonyesha yeye ni maskini. Watu wote wakasema ndiyo, ndiyo. Na mimi nilikuwa nimetoka tu kuwaambia kwamba mpishi wa hizo sahani ni mimi.

Sikuwa nimewadanganya, bana. Hebu nikueleze vile nilikuwa. Nilikuwa nasimama dirishani pale mbele, kofia nyeupe, aproni nyeupe, mji wote unaniona. Sufuria yangu ya maharagwe, ndama anaweza kuoga ndani na abaki na nafasi ya kugeuka. Mwiko wangu ulichongwa na fundi wa milango ya kanisa. Nikifunua ugali saa tano, mvuke unapanda mpaka watu wa Cheptais wanaanua nguo wakidhani mvua inakuja. Kuna mkubwa mmoja wa Nairobi alikula sahani tatu akataka kunibeba na gari yake niende nikampikie huko. Nikamwambia, na Kitale itakula nini? Haya, usigune. Zilikuwa sahani mbili.

Sasa sikiliza hii mpango yenyewe, kwa sababu siku ile hukunipa nafasi. Serikali inalipa nusu ya sahani, mwenye kula analipa nusu. Ni ugali, maharagwe na sukuma, hakuna kingine, saa sita mpaka saa nane. Wanaopanga laini ni wabeba mizigo wa soko, watu wa boda, na wale wanawake wanaochambua mahindi kwenye stoo, wanaotoa mbovu na mawe siku nzima wameinama. Na nikupe ukweli wako pia. Kuna karani wa tai anakuja kila siku. Kuna mzee mwenye ng'ombe kumi na wawili, anafuta sahani na kidole. Huyo nikimpakulia mkono wangu unakuwa mfupi wenyewe. Hapo una haki, siwezi kubishana.

Lakini kuna siku, wiki mbili baada ya Pasaka, nilikuwa napakua, nikainua macho kuangalia laini imefika wapi. Nikaona shingo. Mtu amenipa mgongo anaongea na mwenzake, na hiyo shingo niliijua, ni shingo ya mke wangu Nafula, Mungu amlaze pema. Nilishtuka mpaka nikamwagia mtu supu ya maharagwe kwenye kidole gumba. Halafu akageuka, nikaona ni mama yake. Mama mkwe wangu kutoka Misikhu, dada, ambaye sijamwona tangu mazishi, miaka mitatu sasa. Leso yake imejaa vumbi ya mahindi. Yule mama tuliyekuwa tunaambiwa watoto wake wa kiume wanamtunza kama yai.

Wewe unajua vile tumelelewa. Mama mkwe humshiki mkono, humtaji jina, hata hapa siwezi kuliandika. Ukikutana naye njiani unapinda, mmoja anaingia kwenye mahindi. Na kula mbele yake, au yeye ale mbele yako, hiyo haipo kabisa. Sasa yeye ako watu sita kutoka kwa dirisha langu, njaa tumboni, na mimi ndiye nimeshika mwiko.

Akaniona. Akavuta leso ikafunika uso, akatoka kwenye laini pole pole kama mtu aliyesahau kitu, akaenda. Hakula siku hiyo. Na mimi nikajificha nyuma ya sufuria, mwanaume mzima, mpaka watu wakaanza kugonga sahani.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Yule mwenzake alikuja, mama mmoja wa Cheptais tunamwita Mama Chebet, mdomo wake hauna mlango. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Yule rafiki yako wa Misikhu anakula wapi siku hizi?"

"Anakula upepo," akasema. "Anakaa kwenye magunia anatungoja tumalize kula."

"Kwani hana pesa ya nusu?"

"Pesa anayo, ameifunga kwenye leso. Anasema mpishi ni mkwe wake. Nyinyi watu, mtu anaweza kufa akiogopa kijana aliyempa binti yake?"

Nikamwambia si kuogopa, ni heshima. Akasema, "Basi heshima yenu inamwangusha. Jana alishika ukuta akienda chooni."

Dada, sikulala. Na asubuhi nikafanya kosa. Nilichukua sahani kubwa, nikajaza ugali, nikanunua nyama na pesa yangu kwa hoteli jirani nikaweka juu, nikafunika na sahani ingine, nikampa Mama Chebet ampelekee. Nikamwambia, sema ni ya bure, imetoka kwa mpishi. Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilikuwa nimeanza hata kupanga vile nitakuja kukusimulia.

Sahani ikarudi vile ilienda. Hata mfuniko haukuguswa. Mama Chebet akaiweka dirishani akasema, "Amelia machozi. Amesema mkwe hujaleta hata wazee wako kumsalimia tangu amzike mtoto wake, leo unamtumia makombo ya hoteli kwa mkono wa mtu mgeni, na wanawake wote wa stoo wanaangalia. Amesema anarudi Misikhu Jumamosi."

Misikhu kurudia nini? Mama Chebet aliniambia yote hapo hapo dirishani. Wale watoto wa kiume hawatumi kitu. Shamba alikodisha kulipa deni ya hospitali, ile ya Nafula. Ile deni dada tulidhani imeisha. Akirudi ni kukaa ndani na kufunga mlango, na unajua mtu wa miaka yake akifunga mlango nini kinafuata.

Hapo ndiyo nilikaa nikafikiria maneno yako ya Pasaka, na mimi si mtu wa kufikiria sana, unanijua. Nikaona yule mama alikuwa anakuja kula kwetu kwa sababu hakuna mtu anamuuliza yeye ni mama ya nani. Anatoa nusu yake, anahesabiwa, anapewa, anakaa na wengine. Amenunua. Mimi nikamfanya ombaomba na kipande cha nyama. Na wewe, dada, nisamehe, ile barua yako ya chifu ingemfanya hivyo hivyo. Tukianza kuchambua watu kama mahindi pale dirishani, huyu tajiri weka huku, huyu maskini weka huku, yule mzee wa ng'ombe kumi na wawili atapata barua, kwa sababu anamjua chifu. Mama mkwe wangu hataenda kuitafuta. Atakaa juu ya magunia na pesa yake imefungwa kwenye leso.

Ijumaa saa moja asubuhi nikaenda kwa mwenye hoteli, Mama Zawadi, mwanamke mnene mwenye roho safi lakini anacheka vibaya.

"Mama, nataka kuhamia nyuma."

"Nyuma gani?"

"Kule kwa kuni na sufuria."

"Simiyu, umegonjeka? Kule ni moshi na kusugua masizi. Hata mshahara wa kule ni mdogo."

"Najua."

"Wewe ndiye uliniambia wanawake wanatoka Eldoret kuja kuona hiyo kofia."

"Mpe Wanyonyi, yule wa kuni. Kichwa yake ni kubwa, lakini itaingia."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniangalia, nafikiri aliona kitu, kwa sababu hakuuliza tena. Kufika saa nne nilikuwa nyuma ya mabati, napasua kuni, macho mekundu kama pilipili. Nikamtuma mtu kwa Mama Chebet: mwambie rafiki yako kwamba yule mpishi mrefu ametolewa dirishani. Sikusema ni nani amemtoa.

Ijumaa hiyo hakuja. Jumamosi nilisonga ugali nikisikia magari ya Webuye, yale yanayopita Misikhu, yakiita abiria, na kila moja nilidhani limembeba. Saa saba kasoro nikasikia kupitia kwa mabati, "Mwanangu, nipunguzie ugali, niongezee mboga." Ile sauti nzito, inayoburuta neno la mwisho. Nilikuwa nimeshika sufuria ya moto bila kitambaa, na sikuiweka chini mpaka nikasikia pesa yake ikigonga meza na kijiko kikianza kazi. Moshi ulinisumbua macho sana siku hiyo.

Amekuja kila siku tangu hapo. Hatujaonana. Mimi siendi mbele mpaka saa nane ipite, na yeye hazunguki nyuma. Nilidhani hajui niko wapi. Halafu juzi Jumatano Mama Chebet akachungulia kwenye pembe ya mabati, anacheka.

"Nimetumwa," akasema. "Yule mama anasema, mwambie huyo wa nyuma kwamba maharagwe yake chumvi imezidi. Anasema Nafula alikuwa akimpikia mume wake vizuri, sijui huyo mume alikuwa anaangalia wapi."

Dada, mimi nimepikia watu wengi na sijawahi kukubali kukosolewa. Hiyo siku nilijibu, "Mwambie nimesikia." Na Alhamisi nilionja hiyo sufuria mara saba.

Sasa kikao cha Bungoma najua kinakuja. Simama, dada, sema yako. Mambo ya mbolea sema kwa nguvu, hata mimi nakuunga mkono, na huyo karani wa tai mtaje ukitaka. Lakini ile barua ya chifu, nakuomba kwa magoti yote mawili, iache. Na kitu kingine: wewe ndiye umebaki mkubwa kwa boma letu. Tafuta wazee wawili, na blanketi moja nzuri, mniambie siku ya kwenda Misikhu kumpa pole ya Nafula, ile tulipaswa kufanya miaka mitatu iliyopita. Mama atakuwa nyumbani siku hiyo, mimi nitahakikisha kupitia kwa Mama Chebet. Usimuulize habari za Kitale. Kwetu sisi, hajawahi kufika Kitale.

Nisalimie shemeji, mwambie ile jembe yake iko na mimi haijapotea. Wapwa zangu wote wanaoniita khocha, hasa mdogo wa kuuliza maswali, mwambie ndama kweli anaweza kuoga. Msalimie mama wa kwaya aliyepika kwenye mazishi ya Nafula, na jirani yetu fundi wa baiskeli.

Ni mimi ndugu yako anayekupenda hata ukikata simu,
Simiyu, mpishi wa nyuma