Sketi Nyeusi na Panga za Mbao

Jumamosi. Joto la kipuuzi, upepo mkavu unazungusha takataka hapa mtaani kwetu Guildford, na mimi nimerudi kutoka mtaa wa Smithfield na jasho na hasira zangu.

Wacha niseme ukweli: sijawahi kuona watu wazima wakipoteza wakati kwa heshima namna ile.

Ukumbi uko nyuma ya maghala. Unaingia, unavua viatu, unapewa kitambaa kilicholowa, unapangusa sakafu. Ati ndiyo mwanzo wa mazoezi ya upanga wa Kijapani! Wiki nzima ninawapangusa wakongwe kazini, kwenye nyumba ya wazee, halafu siku yangu ya off ninaenda kupangusa bure. Baada ya hapo mnazisujudia panga za mbao, mnazisalimia kama wakwe. Akina mama wa fellowship ya kanisa wakinikuta hapo, nitaombewa mpaka Krismasi.

Na zile sketi! Wanaume wenye vipara, sketi nyeusi mpaka chini, wanatembea wakiburuta nyayo. Kuna mmoja, mhasibu anayeishi Doonside, anayebeba upanga wake ndani ya mfuko wa mahameli. Anaufungua kama anayefungua mtoto nepi. Huyo hata nzi hawezi kumuua.

Siku ya kwanza nilidhani nitawaaibisha wote. Nimekulia Nyandarua, nimewakatia ng'ombe majani ya nepia tangu darasa la tatu. Nikashika ule mti kwa mkono mmoja, nikainama, nikafyeka. Mwalimu, mama wa Kijapani asiyenifika begani, alinisimamisha wima, akaushika mkono wangu wa kushoto, akauweka mwisho wa mpini. Wiki ya tatu sasa ninainua na kushusha, pole pole, kama mgonjwa. Karatasi ya ukutani inaahidi mgongo ulionyooka, pumzi tulivu na akili isiyoyumba. Mgongo umenyooka, sikatai. Hayo mengine wakamdanganye mwingine.

Sikwenda kwa ajili ya mgongo.

Mwezi uliopita mzee wa chumba cha sita, mwenye dementia, alinichapa mkongojo usoni. Tangu hapo mtu akiinua mkono karibu nami ninafumba macho. Nesi mzima, miaka yote hii! Asubuhi za kumwogesha ninajificha chumba cha dawa, ninapanga vidonge vilivyokwisha kupangwa, na Furaha, mwenzangu kutoka Kongo, anaingia kwa mzee huyo peke yake. Ndiye aliyenionyesha tangazo la ukumbi ule. Jana alitoka na alama nyekundu mkononi. Nikamwambia pole, nikapita.

Leo nimepangwa jozi moja na mhasibu, nani mwingine. Zoezi lenyewe ni hili: anashusha upanga wa mbao kuelekea paji la uso wako, anausimamisha kabla haujafika, na wewe unasimama wima, macho wazi. Mara ya kwanza nikafumba. Ya pili, nikafumba. Ya saba, bado. Nilimchukia yule jamaa na sketi yake. Hakucheka hata kidogo, na hilo liliniudhi zaidi.

Mwisho hasira zikanipanda, nikamkodolea macho.

Upanga ukasimama mbali, kiganja kizima kutoka usoni kwangu. Nyuma yake nikamwona mhasibu: midomo kaibana, jasho linamtiririka. Alikuwa na hofu kunishinda. Alikuwa akiogopa kuniumiza.

Sikumshukuru. Niliinama kidogo tu, nikaenda kuvaa viatu.

Garini ndipo yaliponiingia. Majuma matatu nimewamwagia dharau watu wasionikosea kitu, wakati anayestahili dharau ni huyu anayeandika hapa. Kuogopa si neno. Lakini kumtanguliza mwenzako mbele ya mkongojo, kisha umwambie pole? Huo ni uovyo, na ni wangu.

Basi nimemwandikia Furaha: kesho chumba cha sita ni changu. Macho yakifumba na yafumbe, lakini nitaingia mimi.

Nilitarajia utani, au maswali. Amejibu hata kabla sijaiweka simu chini.

"Aksanti, dada. Hata miye namuogopaka sana."