Vidonge Vinavyopungua

Jumatano, 5 Juni
Uji, kisha kidonge kipya. Siku ya pili. Daktari wa Masasi alisema kimoja tu, asubuhi, mchana nisiguse. Dawa za mtetemeko naendelea nazo. Hiki ni cha kunizuia kusinzia. Saa nne nikalala nimeshika daftari hili. Kalamu imechora mstari hadi ukingoni. Pengine kidonge ni feki.

Ijumaa, 7 Juni
Afadhali. Macho hadi saa sita, halafu giza. Nilipozinduka, mke wangu Mama Neema alikuwa uani na kaka yake, Petro. Wakanyamaza. Mimi Myao, Chimakonde nakifahamu, lakini si kikinong'onwa. Nimenasa neno moja: shamba. Mikorosho ya Chiungutwa niliachiwa na baba yangu. Mimi, si wao.

Jumapili, 9 Juni
Nilikuwa nisome somo la pili kanisani. Nikaitwa mara mbili. Nimelala. Mwalimu mstaafu, niliyechapa watoto kwa kusinzia darasani. Watu wakainamisha vichwa. Aibu.

Jumanne, 11 Juni
Nimehesabu vidonge. Vilikuwa thelathini. Nimemeza vinane. Vibaki ishirini na viwili. Vipo kumi na vinane. Nimerudia mara tatu, mkono ukitetemeka. Kumi na vinane.
Nyumba hii tunaishi watu wawili.

Jumatano, 12 Juni
Sijamwambia mtu. Chai aliyonipa Mama Neema nimeimwaga kwenye mgomba. Mtu akitaka kuuza shamba lako, atakuombea usingizi. Ameuliza mbona simtazami.

Alhamisi, 13 Juni
Vipo kumi na vitano. Kimoja zaidi kimekwenda. Namchukia. Nimeandika, na sifuti.

Ijumaa, 14 Juni
Nimejifanya nimelala. Mazoezi ninayo. Kichwa kifuani, mdomo wazi. Saa tatu asubuhi akaingia na ndoo ya maji, akaitua. Akafungua kabati, akatoa kidonge kimoja. Akakimeza mwenyewe.
Nikamwita. Hakushtuka. Alikaa sakafuni.
"Baba Neema, usiku unapigana ndotoni. Unapiga mateke, unaanguka kitandani. Nakushika hadi alfajiri. Kukicha, foleni ya maji, halafu wewe tena. Nikisinzia mimi, nani atakuokota?"
Akapandisha mkono wa gauni. Michubuko, mipya juu ya ya zamani. Kazi ya mikono yangu.
Nikauliza habari ya shamba. Akasema Petro amejitolea kupuliza salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho, maana mimi siwezi tena. Walinong'ona ili nisiamke.
Nilimwomba anipe chai. Nikainywa yote mbele yake.

Jumanne, 18 Juni
Masasi, wote wawili. Nimemweleza daktari kila kitu, hata ile chai. Amemkataza Mama Neema vidonge hivyo. Ana presha, vingemdhuru. Kwangu vinasaidia kiasi tu, nisitegemee muujiza. Amepunguza dawa moja ya mtetemeko ambayo nayo huleta usingizi. Ametoa nyingine ya kutuliza ndoto. Nilale peke yangu, godoro chini.
Njiani kurudi Newala alilala begani kwangu.

Alhamisi, 20 Juni
Sikuanguka. Mama Neema amejilaza tangu saa saba mchana, kanga begani, viatu bado miguuni. Jirani amekuja kuazima ndoo. Nikamwahi mlangoni kabla hajapiga hodi ya pili, nikamwomba arudi jioni.
Nimevuta kiti karibu naye. Niko macho.